Kitenzi Hiki ni cha Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upatanisho wa Sentensi za Kiingereza

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa madarasa ya jioni hapa Mombasa: makarani wa kliaringi bandarini, wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi, vijana wa kidato cha nne, na wazazi wanaotaka kuwasaidia watoto kazi za nyumbani. Kiingereza wanakijua. Kinachowaangusha ni sentensi ikirefuka: kiima, yaani mwenye kitenzi, kiko Likoni, kitenzi kiko Mtwapa, na katikati yamejaa maneno.

Tatizo lenyewe ni lipi hasa?

Kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopo hubadilika kidogo kufuata kiima. "The ship leaves tonight." "The ships leave tonight." Meli moja, kitenzi kina s; meli nyingi, s inaondoka. Hapo hakuna anayekosea.

Sasa jaza maneno katikati: "The ship carrying the new cars for the dealers in Nairobi leaves tonight." Ukifika kwenye kitenzi, umeshapita "cars", umeshapita "dealers", na mkono unataka kuandika "leave". Lakini kinachoondoka ni meli, nayo ni moja. Magari na wanunuzi wake wamo ndani ya maelezo ya meli, hawana kitenzi hapo.

Mbona hata waliosoma sana hukosea?

Kwa sababu akili hukumbuka zaidi nomino iliyosikika mwisho. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Kathryn Bock na Carol Miller, walichapisha utafiti ambapo watu walipewa mianzo ya sentensi ya aina ya "The key to the cabinets" wakatakiwa kuimalizia. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza, na bado baadhi walisema "were" badala ya "was". Jambo la kufaa kwetu katika utafiti ule ni hili: nomino ya wingi ikikaa katikati huvuta kitenzi kuliko nomino ya umoja. Yaani "the key to the cabinets" inaponza watu kuliko "the keys to the cabinet".

Nami ndivyo ninavyoona kwenye madaftari. Kwa hiyo unapopitia kazi yako, anza na sentensi ambazo kiima ni kimoja lakini maelezo yake yana vingi. Nomino iliyo karibu na kitenzi ni kama manamba, mpiga debe wa matatu, pale Mwembe Tayari: ndiye anayesikika, ndiye anayekuvuta mkono, lakini gari si lake.

Kiswahili changu kinanisaidia au kinaniharibia?

Kinakusaidia kuliko unavyodhani. Sema kwa sauti: "Bei ya maembe ya Kongowea imepanda." Hukusema "yamepanda", ijapokuwa maembe yako karibu na kitenzi kuliko bei. Rundika maneno upendavyo: "Bei ya samaki waliovuliwa Shimoni jana usiku na kuletwa hapa na malori mawili imepanda." Umepita samaki, umepita malori, na bado ulimi umerudi kwenye i- ya bei. Mtoto mdogo wa Majengo hakosei hapo, na hakuna aliyemfundisha kanuni yoyote.

Kazi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa na Kiingereza: "The price of the fish caught at Shimoni last night and brought here by two lorries has gone up." Tofauti ni kwamba sisi tuna ngeli nyingi, hivyo mtu akisema "kikapu cha maembe yameanguka" kila aliye karibu anageuka kumtazama. Kiingereza kina s moja tu ya kuangalia, nayo hata ikikosekana sentensi inapita sikioni bila kukwaruza.

Basi itumie ngeli kama kipimo. Kabla hujaandika sentensi ndefu ya Kiingereza, isemee Kiswahili kimoyomoyo na usikilize kiambishi kinachokuja kwenye kitenzi. "Orodha ya abiria waliochelewa iko mezani." I- imejibu, kwa hiyo mwenye kitenzi ni orodha, na orodha ni moja: "The list of the passengers who came late is on the table." Ukiisikia wa-, mwenyewe ni abiria. Nimewapa wanafunzi mbinu nyingi, na hii ndiyo wanayobaki nayo.

Kiswahili kinakuharibia mahali pachache tu: kwenye "pamoja na", kwenye maji na ndugu zake wa ngeli ya YA-YA, kwenye suruali na mkasi, na kwenye "kuna". Kila mahali pana swali lake hapa chini.

Nifanyeje nimpate mwenye kitenzi katika sentensi iliyosongamana?

Anza na kitenzi, usianze na nomino. Uliza: nani au nini kinafanya hivi? Halafu ziba kwa kidole kila kirai kinachoanza na "of", "in", "for", "with", "from", "to", na kila kishazi kinachoanza na "who", "which" au "that". Kinachobaki juu ya karatasi ni kiima na kitenzi, na kosa linaonekana lenyewe.

Chukua sentensi ya aina ninayoiona sana kwa makarani wa bandarini: "The clearance of the three containers which was loaded with tiles have been delayed." Hapa kuna vitenzi viwili, na vyote viwili vimekosewa, tena kwa kubadilishana. Anza na "was loaded". Kilichopakiwa vigae ni nini? Makontena, matatu. Basi "were loaded". Halafu "have been delayed". Kilichocheleweshwa ni nini? Ni ule utoaji wa mizigo, "the clearance", nao ni mmoja. Basi "has been delayed". Sentensi safi: "The clearance of the three containers which were loaded with tiles has been delayed." Karani aliona "clearance" ya umoja mwanzoni akaipa "was", kisha akaona "tiles" mwishoni akaipa "have". Kila kitenzi kilipewa nomino isiyokuwa yake.

Kishazi kilicho katikati, basi, kina kitenzi chake na kiima chake. Kimalize kwanza, halafu rudi kwa kitenzi kikuu.

Angalia pia sentensi ambazo "that" imeachwa: "The agent my brothers use charges less." Vitenzi viwili vimegusana, "use" na "charges", na macho yanadhani kuna kosa la chapa. Hakuna. Ndugu zangu wanamtumia, wakala anatoza. Kwa Kiswahili, "Wakala ambaye ndugu zangu wanamtumia anatoza kidogo", wa- kwa ndugu, a- kwa wakala. Waingereza huipenda sana sentensi ya namna hii, na kwenye ufahamu ndiyo inayowapoteza wengi.

Je, ni kweli kwamba neno linalofuata "of" halihusiki kamwe?

Si kweli, ingawa ndivyo wengi tulivyofundishwa shuleni. Kuna kundi la maneno ya sehemu na kiasi ambayo hayana umoja wala wingi wa kwao: "some", "most", "all", "half", "a lot", "two-thirds". Haya humwachia kazi yule aliye baada ya "of". "Half of the mangoes are rotten." "Half of the juice is finished." "Most of the cargo has been offloaded." "Most of the containers have been offloaded."

Tena Kiswahili kiko upande wako. Unasema "baadhi ya viti vimevunjika", huthubutu kusema "baadhi imevunjika". "Nusu ya maembe yameoza." Tunayapita maneno haya vilevile na kumfuata mwenye mali.

"One of" inafuatwa na nini?

Kuna mambo mawili, na watu huyachanganya.

La kwanza ni nomino. Baada ya "one of" nomino huwa ya wingi, kitenzi cha umoja: "One of my friends works at the port." Hapa Mombasa "one of my friend" inasikika kila siku, hata redioni. Lakini huwezi kumtoa mmoja katika mmoja.

La pili ni gumu kidogo: "who" ikiingia. Linganisha hizi mbili:

"Amina is one of the guides who speak Italian."
"Amina is the only one of the guides who speaks Italian."

Kwa nini "speak" kisha "speaks"? Zigeuze uone. "Amina ni mmoja wa waelekezi wanaozungumza Kiitaliano." Waelekezi wa namna hiyo wapo kadhaa, Amina yumo. "Amina ndiye pekee kati ya waelekezi anayezungumza Kiitaliano." Wengine wote hawakijui. Wanao- na anaye- zimekufanyia kazi yote. Utakutana na waandishi wazuri wa Kiingereza wanaoandika "speaks" hata katika ile ya kwanza, na sitawapeleka kwa kadhi kwa hilo. Lakini kwenye mtihani andika "speak".

"Nahodha pamoja na mabaharia wake wametia sahihi." Kwa Kiingereza ni "has" au "have"?

"Has". "The captain, together with his crew, has signed."

Hapa Kiswahili kinakupotosha. Sisi "pamoja na" hujumlisha: nahodha na mabaharia wamekuwa wao, wa-. Kiingereza hakikubali. Kwacho ni "and" peke yake inayojumlisha. "Together with", "along with", "as well as", "in addition to", "including", zote ni maelezo ya pembeni, ndiyo maana mara nyingi huzungushiwa koma mbili. Ziba kilicho kati ya koma na utaona: "The captain has signed." Ukitaka wingi, andika "The captain and his crew have signed", na mambo yameisha.

Kwa makarani hili lina uzito wake. "The invoice, as well as the packing list and the bill of lading, is attached." Umetaja hati tatu na bado ni "is". Ikikukera, tumia "and", halafu "are".

Na hata "and" ina ujanja wake. Vitu viwili vikizoeleka kuwa kimoja, huchukua umoja. "Mahamri and mbaazi is my favourite breakfast." Hakuna mwenyeji wa hapa anayehesabu hapo vitu viwili.

Na "either… or", "neither… nor"?

Hapa, na karibu ni hapa tu, aliye jirani na kitenzi ndiye anayeshinda. "Neither the driver nor the passengers were hurt." Zigeuze: "Neither the passengers nor the driver was hurt." Zote mbili ni sahihi, ila ya pili inakwaruza sikio. Weka cha wingi karibu na kitenzi.

Tofauti ya "a number of" na "the number of" ni ipi?

"The number of tourists has fallen": idadi ya watalii imepungua. Iliyopungua ni idadi, i-. "A number of tourists have arrived": watalii kadhaa wamewasili. Waliowasili ni watalii, wa-. Ukiweza kuweka "kadhaa", ni wingi. Ukiweza kuweka "idadi", ni umoja.

Maji, mafuta, maziwa: mbona naandika "are"?

Kwa sababu ya ngeli ya YA-YA. Kwetu maji yamemwagika, mafuta yamepanda, maziwa yameharibika, na ya- ile inanukia wingi. Kwa Kiingereza vitu hivi havihesabiki, na kisichohesabika ni cha umoja siku zote. "The water is salty." "The milk has gone bad."

Sasa weka maelezo katikati, utapata mitego miwili kwa pamoja: "The water from Mzima Springs reaches Mombasa by pipe." Ya- ya maji inakuvuta, s ya "Springs" inakuvuta, na bado ni "reaches". Au ya nyumbani kabisa: "The water in the wells behind our houses is salty." Wengi wa wanafunzi wangu wanaandika "are" hapa mara ya kwanza, na sishangai.

Katika kundi hilihili tia "luggage", "furniture", "equipment", "information", "advice". Hazina wingi hata vitu vikiwa lori zima. "The furniture in the two flats belongs to my aunt." "Furnitures" utaiona kwenye vibao vya maduka, na hata hapo ni kosa.

Na suruali, mkasi, miwani?

Kinyume chake. Suruali imechanika, moja. Kwa Kiingereza "My trousers are torn", wingi, japo ni moja. "The scissors are on the table." Lakini ukitanguliza "a pair of", kiima kinakuwa "pair" na umoja unarudi: "A pair of trousers is hanging on the line." Miwani, "glasses", ni vivyo hivyo.

"News", "mathematics", "the United States", "Fort Jesus": zina s mwishoni, ni wingi?

Hapana. "The news is good." "Mathematics is hard." "The United States has an embassy in Nairobi." Na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni moja: "Fort Jesus, with its thick walls and old cannons, attracts many visitors." Nimekutana na "attract" hapo mara nyingi, na sijui kama ni kuta, ni mizinga, au ni ile s ya "Jesus" iliyomponza mwandishi.

Kamati, timu, polisi, wafanyakazi: "is" au "are"?

"Police" ni wingi daima: "The police are at the roundabout." Ukitaka mmoja, sema "a police officer".

"Committee", "team", "government" na "staff" hutegemea. Waingereza wanakubali umoja na wingi, Wamarekani huelekea umoja. Shule zetu zimefuata Uingereza, kwa hiyo zote mbili zitapita, ila uchague moja usiruke. Kuandika "The committee has met and they have decided" na aya inayofuata "The committee are" ni vurugu. Mimi hushauri umoja, ni salama zaidi. "The committee of elders from the three villages meets on Friday." Wazee wengi, vijiji vitatu, kamati moja.

Kwenye maswali nitafanyaje, kitenzi kikitangulia?

Mwenye kitenzi ni yuleyule, amehamia mbele tu. "Does the price of the tickets include lunch?" Si "Do". Bei ndiyo inayojumlisha. "Where is the list of guests for the morning boats?" Wahudumu wa mapokezi, hii ni yenu: unapoanza swali bado hujaitamka nomino, kwa hiyo amua kichwani kwanza ni nini unachokiulizia.

"There is" au "there are"?

"Kuna" yetu haibadiliki. Kuna mtu, kuna watu. Ndiyo maana tunaandika "There is many people at the ferry." Kiingereza kinaangalia mbele: "There are many people." Lakini angalia nomino kuu, si iliyo karibu na mwisho: "There is a long queue of lorries outside the gate." Malori ni mengi, foleni ni moja. "There are" ingekuwa sawa kama ungeanza na malori.

"Each", "every", "everyone", "none"?

"Each of the passengers has a ticket." Kila mmoja ana tiketi, huwezi kusema "kila mmoja wana". "Every", "everyone" na "nobody" ni vivyo hivyo. "None of" inakubali yote mawili kwa vitu vinavyohesabika. Mwalimu wa kizamani atataka umoja.

Pesa na vipimo vya wingi huchukua nini?

Kikihesabiwa kama furushi moja, umoja. "Five hundred shillings is too much for a tuk-tuk to Nyali." Si noti tano zinazokulalamisha, ni nauli. "Twenty kilometres is a long way to walk."

Na kama kiima ni kitendo, si kitu?

"Repairing the old boats costs a lot." "Kutengeneza mashua kuukuu kunagharimu sana." Ku- imeitikia ku-, mashua hazimo. Kitendo ni umoja hata kikigusa vitu mia. Hali kadhalika sentensi za "what": "What the guests want is clean towels." Wanaosema "are" hapo wapo, hasa kwenye mazungumzo, lakini "is" haitakutia hatiani.

Wakati uliopita una tatizo hili?

Kidogo sana. "The ship left", "The ships left", hakuna cha kupatanisha. Linabaki "was" na "were" tu. Na "will", "can", "must" hazibadiliki kabisa. Kwa hiyo elekeza macho kwenye "is/are", "was/were", "has/have", "does/do", na s ya wakati uliopo. Ukitoka hapo, pumzika.

Kwani kwa nini s iko kwenye kitenzi cha umoja, ilhali kwenye nomino ni ya wingi?

Ni s mbili tofauti zilizokutana kwa bahati mbaya. Ile ya kitenzi ilikuwa ya watu wa kaskazini mwa Uingereza. Kusini waliandika "-eth", kwa mfano "hath" mahali pa "has", mpaka s ya kaskazini ikaishinda. Kanuni ya mkato kwa wanaoanza: katika sentensi nyepesi s huwa moja. Ikikaa kwa nomino, haikai kwa kitenzi: "boats sail", "boat sails". Mkato huu unavunjika haraka kwenye maneno kama "news", "children" na "bus", kwa hiyo usiutegemee ukishavuka mwanzo.

Kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hili linatokea wapi?

Moja kwa moja katika karatasi ya pili, 101/2, kwenye sehemu ya sarufi yenye alama 15, na pia kwenye kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza. Lakini alama nyingi hupotea kwenye insha, ambapo hakuna anayekuuliza swali la upatanisho na wewe hujihadhari. Acha dakika chache za mwisho, usome insha ukitafuta vitenzi peke yake. Usisome maana, ukisoma maana utapita kosa ukitabasamu.

Programu ya simu haiwezi kunisahihishia?

Inaweza, na kwa barua pepe za ofisini itumie. Ila sentensi za "one of the guides who" humpa kigugumizi hata binadamu, na ikikupigia mstari lazima ujue kama ukubali au ukatae. Na chumba cha mtihani huingii na simu.

Nipe sentensi za kujipima.

Chagua neno moja kati ya mawili:

1. The smell of the spices from the shops near the Old Port fills / fill the whole street.
2. The boys who help my aunt at Marikiti carries / carry the sacks before dawn.
3. One of the lifts in the hotel does / do not work.
4. The manager, as well as the two cooks, was / were absent.
5. Most of the furniture in the rooms has / have been changed.
6. Neither the watchman nor his dogs was / were awake.
7. The number of lorries waiting at the gate changes / change every hour.
8. The man who sold us the two kingfish that your uncles ordered for the wedding wants / want his balance.

Majibu: fills, carry, does, was, has, were, changes, wants.

Ya pili huwapata wale waliokwisha kuogopa wingi: wanaona "aunt" karibu, wanaandika "carries", kumbe wanaobeba ni vijana. Ya sita ni ile ya jirani, mbwa wako karibu na kitenzi. Ya nane ikikusumbua, iseme: mvuvi aliyetuuzia nguru wawili ambao ami zako waliagiza kwa ajili ya harusi anataka baki yake. Wa- ni ya ami, nayo imeishia kwenye "waliagiza". A- ya "anataka" ni ya mvuvi, na ndiyo iliyoleta s ya "wants".